Tulinunua Chumba, Tukaziacha Adabu Bandarini

Msichana aliingia saunani akiwa ndani ya suti ya nailoni, zile zinazobana mikononi na miguuni zisipitishe hewa, na juu yake amejifunga mkanda wa kupunguza tumbo. Ilikuwa Jumamosi mchana, zamu ya wanawake, katika jimu moja ya Dar es Salaam. Alipanda moja kwa moja hadi ngazi ya juu, akaigeuza saa ya mchanga iliyopigiliwa ukutani, ndipo akanisalimia. "Shikamoo shangazi. Leo sitoki humu mpaka kilo mbili zitoke." Sendofu yake ilikuwa imebakiza wiki moja, na gauni lilikuwa limegoma kufunga zipu.

Mchanga uliisha, akaigeuza saa. Ukaisha tena, akaigeuza tena. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatoka mara mbili, nimekaa nje kwenye benchi, nimerudi. Niliporudi mara ya mwisho nikamkuta ameegemea ukuta, ananijibu maneno nusunusu, na nilipomuuliza jina lake alichukua muda kulikumbuka. Nikamshika kwapani, tukateremka ngazi moja moja, nikamlaza sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, miguu yake nikaipandisha juu ya benchi. Zipu ya suti ile ilipofunguliwa, maji yalichuruzika kama mtu aliyekamua kanga. Tukamfuta kwa kitambaa kilichololowa, tukampepea, na alipoanza kutuelewa tukampa maji kidogo kidogo. Mhudumu alikuja, akatutazama, akasema tusiwe na wasiwasi: "Hizo ni sumu zinatoka."

Kwa haki, tulipaswa kumkimbiza hospitali palepale. Mtu aliyechanganyikiwa kwa sababu ya joto si wa kusubiriwa aone kama atapata nafuu, sisi tulibahatika. Na hizo sumu alizozitaja mhudumu, mimi sijaziona. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na vitu vingine kwa kiasi kidogo mno. Kazi ya kuchuja uchafu wa mwili ni ya ini na figo, na figo zinaifanya vizuri zaidi mtu anapokuwa na maji ya kutosha, si anapokuwa ameyamwaga yote kwenye mbao. Msichana alipopanda mzani alikuta amepungua kilo moja na nusu. Jioni, baada ya maji, dafu na sahani ya wali, ugomvi wake na gauni ulikuwa uleule.

Sauna siku hizi si jambo la kushangaza kwetu. Zimo katika hoteli na jimu za Dar na Arusha, zimo katika saluni za Nairobi, na Kampala watu hukutana saunani Ijumaa jioni kama wengine wanavyokutana baa. Chumba tumekinunua kizima: mbao, jiko, mawe, ndoo na kata yake. Kilichobaki bandarini ni adabu zake, na bila hizo chumba kile ni tanuri tu lenye mlango.

Adabu hizo nilizikuta Ufini. Nchi ile ina watu wapatao milioni 5.5, na sauna zake zinakadiriwa kufikia milioni 3, maana yake Wafini wote wangeweza kuingia saunani saa moja na nafasi ikabaki. Sauna imo ndani ya nyumba, ipo kando ya ziwa, ipo chini kabisa ya jengo la ghorofa ambako kila familia ina zamu yake ya wiki. Mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hata balozi za nchi hiyo zimezoeleka kuwa na sauna. Urho Kekkonen, aliyekuwa rais kuanzia 1956 hadi 1982, alimkaribisha Nikita Khrushchev saunani kwake Helsinki mwaka 1960, wakakaa huko mpaka kunakaribia kucha. Siasa ya ubaridi, mazungumzo ya joto.

Mimi nilipelekwa Kotiharju, sauna ya umma katika mtaa wa Kallio jijini Helsinki, iliyofunguliwa mwaka 1928 na ambayo bado huwashwa kwa kuni. Ulikuwa mwezi wa Machi na theluji ilikuwa bado imerundikana pembeni mwa njia. Kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata ya mlango, ni watu waliokaa nje wamejifunga taulo, mvuke unapaa mabegani mwao kama wa sufuria iliyoepuliwa. Hawakuwa na haraka. Wengine walikuwa wanazungumza, wengine wananyamaza pamoja. Nikasema moyoni: hii ni baraza. Tofauti ni mavazi tu, na hali ya hewa.

Ndani, upande wa wanawake, tatizo langu lilikuwa jingine. Mimi mtoto wa Tanga. Kukaa uchi mbele ya watu nisiowajua si jambo dogo. Nikajifunga taulo vizuri, na hakuna aliyegeuza shingo kunitazama. Mama mmoja wa makamo, mwenye mwili mpana na sauti ya chini, alinisogezea nafasi kwenye ngazi ya chini. Joto hupanda juu, akanieleza, kwa hiyo mgeni huanzia chini. Kisha akanionyesha mlango kwa kidevu: ukitaka kutoka, toka. Nikamuuliza nikae dakika ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa usingizi unatakiwa kuwa na dakika ngapi.

Wafini wana msemo kwamba saunani mtu akae kama akaavyo kanisani. Hakuna kelele, hakuna ubishi, hakuna kupimana nguvu. Na wana neno, löyly, kwa ule mvuke unaochomoka mawe ya moto yanapomwagiwa maji. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya roho au pumzi. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi peke yangu, maana sisi nasi kupumzika tumekutoa humohumo kwenye pumzi.

Msomaji anayeishi Dar mwezi wa Februari atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mtu wa joto alipe fedha kwenda kutafuta joto. Jibu limo jikoni. Ukifungua oveni ya mikate yenye nyuzijoto 180 unaweza kupeleka mkono ndani kwa sekunde chache ukautoa salama, ilimradi usiguse bati. Lakini ukifunua sufuria ya wali uliofunikwa vizuri, mvuke wake, ambao hauzidi nyuzi 100, unakubabua papo hapo. Hewa kavu hubeba joto kidogo. Mvuke hubeba jingi na kulitua lote juu ya ngozi. Ndiyo maana mtu anaweza kuketi katika sauna ya nyuzijoto 80 au 90, ambako hewa ni kavu na jasho linapata pa kukaukia, ilhali maji ya nyuzi hizohizo yangemlaza hospitali. Katika chumba cha mvuke, kile ambacho wengi wetu hukiita sauna pia, joto ni la nyuzi 40 hadi 50 tu, lakini hewa imeshiba maji na jasho halikauki. Kwa hiyo anayesema "mimi nimezoea 90, hii 45 ni mchezo" amesoma namba akasahau hewa. Na joto la Dar ni ndugu wa chumba cha mvuke: mtu anayetoka kwenye foleni ya mchana tayari ameshapoteza maji mengi kabla hajafungua mlango wa sauna.

Mwilini, kinachotokea ni kazi, ingawa mwenyewe amekaa. Mishipa ya ngozini inatanuka, damu nyingi inakimbilia huko kwenda kupoa, na moyo unaongeza mwendo ili kuitosheleza safari hiyo. Mapigo 70 kwa dakika yanaweza kufika 100, na kwa joto kali hata 150. Ni kama kutembea kwa haraka. Kikao kimoja kinaweza kumtoa mtu jasho la nusu lita. Mtu mwenye afya anaimudu kazi hiyo na kufaidika nayo: misuli inalegea, pumzi inatulia, usiku usingizi unakuja wenyewe. Lakini damu ikiwa imejaa ngozini, ukinyanyuka ghafla kichwa kinakosa mgawo wake. Hapo ndipo watu huanguka, wengine juu ya jiko lenyewe. Kabla ya kushuka, kaa kidogo na miguu ikiwa chini, shika mbao, ndipo uinuke.

Kuna utafiti ambao wauzaji wa sauna huupenda sana, na si bure. Mtaalamu wa moyo Jari Laukkanen na wenzake waliwafuatilia kwa takribani miaka 20 wanaume 2,315 wa umri wa kati kutoka Kuopio na vitongoji vyake, mashariki mwa Ufini, na mwaka 2015 wakatangaza matokeo katika jarida la kitabibu la Marekani. Waliokwenda saunani mara 4 hadi 7 kwa wiki walipata vifo vya ghafla vya moyo pungufu kwa asilimia 63 kuliko waliokwenda mara moja. Ni tofauti kubwa. Lakini utafiti wa aina hiyo huangalia watu wanavyoishi. Hauwagawi kwa bahati nasibu nani aingie nani akae nje. Mtu anayepata nafasi ya kukaa saunani karibu kila jioni huenda pia ana nyumba tulivu, kazi isiyomuua na moyo ambao tangu mwanzo ulikuwa mzima, na ingawa watafiti hupiga hesabu za kuyaondoa mambo kama hayo, hayaondoki yote. Tena Mfini haendi saunani kwa daladala mbili. Anashuka ngazi. Sijui nani kati yetu angebaki na moyo uliotulia baada ya kuvuka foleni ya Mwenge mara saba kwa wiki kutafuta utulivu.

Wafini wenyewe waliwahi kuzisahau adabu zao, na waliona matokeo. Katika mji wa Heinola, tangu mwaka 1999, kulikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa saunani. Joto liliwekwa nyuzi 110, na kila baada ya sekunde 30 nusu lita ya maji ilimwagwa juu ya mawe. Wa mwisho kutoka ndiye bingwa. Agosti 2010 walibaki wawili kwenye fainali, Vladimir Ladyzhensky wa Urusi na Timo Kaukonen wa Ufini. Baada ya dakika kama sita wote wawili walitolewa wakiwa na majeraha makubwa ya moto. Ladyzhensky alifariki, Kaukonen alikaa hospitali muda mrefu. Mashindano hayakufanyika tena. Namkumbuka yule mama wa Kotiharju na kidevu chake kuelekea mlangoni.

Nisieleweke kwamba kukaa mvukeni ni jambo la kuletewa. Mwaka 2020 Tanzania nzima ilikuwa inapiga nyungu: sufuria ya majani ya mchaichai, mkaratusi, mpera na mwarobaini, blanketi juu ya kichwa, na mtu anatoka huko macho mekundu kama aliyetoka msibani. Wengine walipata ahueni ya mafua, wengine waliungua, hasa watoto waliofunikwa pamoja na chungu kinachotokota. Nyuma zaidi, Zanzibar ina mabafu ya Kiajemi ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mke wa Seyyid Said, na yale ya Hamamni katika Mji Mkongwe, yaliyojengwa wakati wa Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Hamamni watu wa mjini walikwenda mpaka mwaka 1920, wanaume na wanawake kwa saa tofauti. Ukitembelea leo utaona vyumba vyake vimepangwa kwa hatua, mtu aingie kwenye joto taratibu na atoke taratibu. Mjenzi alijua kitu ambacho jimu nyingi zimekisahau: penye chumba cha joto pawe na mahali pa kukaa nje yake. Jimu yangu imeweka kwenye nafasi hiyo mashine ya kuuzia soda.

Na lipo la wanawake. Zamani Ufini watoto wengi walizaliwa saunani, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto, maji ya moto na moshi uliokwisha kufukiza kuta zake. Na maiti waliogeshwa humohumo. Bibi yangu, aliyewakanda wazazi wengi kwa maji ya moto katika arubaini zao, asingehitaji kuelezwa hilo mara mbili. Ila kuzaa humo ni jambo moja na kuingia na mimba changa ni jingine. Wapo Wafini wajawazito wanaoendelea na sauna waliyoizoea tangu utotoni, kwa muda mfupi na joto la chini. Kwa asiyezoea, madaktari wengi hushauri akae nje, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu joto la mwili wa mama likipanda sana linaweza kudhuru uti wa mgongo wa mtoto unaotengenezwa.

Wengine wa kukaa nje ni aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye maumivu ya kifua yasiyotabirika, na mwenye valvu ya moyo iliyobana sana. Mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa vizuri aweza kuingia, lakini amuulize kwanza daktari wake, maana baadhi ya dawa za presha humkojoza mtu maji ambayo jasho nalo linayataka. Mwenye kisukari kilichomtia ganzi miguuni huenda asihisi anaungua. Mwenye selimundu ajihadhari zaidi ya wote, kwa kuwa kupungukiwa maji ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu yake. Wanaume wanaotafuta mtoto nao wana habari yao: utafiti mdogo wa Italia uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanaume 10 waliokuwa wakiingia mara mbili kwa wiki kwa miezi 3. Mbegu zao zilipungua, na zikarudi kama zamani ndani ya miezi 6 baada ya kuacha.

Mtu mwenye homa asiingie kabisa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kwetu imani ya "kuitoa homa kwa jasho" ina mizizi. Mwili wenye malaria tayari unachemka. Ukiuongezea nyuzi 80 unausaidia ugonjwa. Mahali pa mwenye homa ni kwenye kipimo.

Pombe pia. Wafini wana msemo wa zamani kwamba ugonjwa usiotibika kwa pombe, lami ya mti na sauna basi ni wa kifo, na wapo wanaoshika lile la kwanza na la tatu kwa pamoja. Lakini katika ajali na vifo vya saunani pombe hutajwa mara kwa mara mno: hushusha presha, huvuruga mapigo, humlaza mtu kwenye mbao za moto asisikie. Bia, kama ni lazima, ingoje mtu apoe na aoge.

Mengine ni ya kawaida, na unaweza kuyafanya bila kuyakariri. Kunywa maji kabla, si baada tu. Usiende na shibe ya pilau wala na njaa ya mfungo. Ukitoka kwenye mazoezi, kaa nje dakika kumi moyo urudi chini. Oga kwanza, kwa heshima ya wenzako. Vua hereni, mkufu na saa, kwani chuma hupata moto kabla yako. Kalia taulo au kanga ya pamba. Suti ya nailoni iache dukani, kwa sababu inalizuia jasho kukauka, na jasho kukauka ndiyo njia pekee uliyonayo ya kupoa. Dakika 10 hadi 15 zinatosha mtu mzima aliyezoea, na anayeanza hata tano. Watoto muda mfupi, chini, na mkubwa pembeni. Usimwage mafuta ya mkaratusi moja kwa moja juu ya mawe, yanashika moto. Tone moja ndani ya ndoo ya maji linatosha, na kabla ya kumwaga hata maji muulize mhudumu kama jiko lile limetengenezwa kwa kumwagiwa. Mlango nao utazame kabla hujakaa: unatakiwa kufunguka kwa nje, kwa kusukuma, bila kitasa cha kukwama wala komeo. Nimekutana na wenye komeo. Sikuingia.

Kuhusu kujitosa kwenye maji ya barafu, Wafini hutoboa ziwa lililoganda wakazama humo wakicheka, na kwa moyo mzima ni raha yao. Kwa moyo mgonjwa, kutoka kwenye moto hadi kwenye barafu ni pigo, mishipa inajibana kwa mara moja na presha inaruka. Dar tumeepushwa na jaribu hilo: maji ya simtanki lililopigwa jua tangu asubuhi hayajawahi kumshtua mtu. Hewa ya nje yatosha, kisha bomba. Halafu kaa. Dakika kumi za kukaa nje ni sehemu ya sauna kama zile za ndani, na ndizo tunazoziruka kwa kukimbilia simu. Dafu ni zuri wakati huo, na kitu kidogo chenye chumvi, maana dafu lina potasiamu nyingi ila sodiamu yake haifikii ile iliyotoka na jasho. Mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, ya nje ya geti letu, sijaona mshindani wake.

Sendofu ilipita. Gauni, niliambiwa, lilipelekwa kwa fundi akalifungua mishono ya pembeni, kazi ya nusu saa. Majuma matatu baadaye nilimkuta msichana yule saunani tena, sasa ni mke wa mtu, amejifunga kanga. Alikuwa ngazi ya chini. Saa ya mchanga ukutani ilikuwa imelala, mchanga wote chini, hakuna aliyeigeuza. Akaniamkia, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, tukanyamaza. Baada ya muda akaweka miguu chini, akashika mbao, akainuka polepole.

"Shangazi, mimi natoka," akasema. "Nitakuwa nje."